Msimamizi kanirudishia kazi: maswali ya wasomaji kuhusu vyanzo vya utafiti wa siasa

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa sayansi ya siasa, na karibu zote zina kilio kimoja: habari za siasa zimejaa kila kona, lakini msimamizi anataka makala za kitaaluma. Tumechagua sita.

Niko mwaka wa tatu. Mada yangu ni "Vyama vya siasa Tanzania". Nilikusanya vyanzo 22, msimamizi akavikata vyote isipokuwa vitatu, akaandika pembeni: "Hivi si vyanzo vya kitaaluma." Vingi ni habari za magazeti na maandishi ya mitandaoni. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Anzia kwenye mada yenyewe, maana ndiko tatizo lilikochipukia. "Vyama vya siasa Tanzania" si swali, ni jina la rafu nzima ya maktaba. Ukiiandika kwenye mtandao utaletewa kila kitu, kuanzia Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 hadi malumbano ya jana jioni, nawe hutakuwa na kipimo cha kuamua kipi ukichukue na kipi ukiache. Igeuze iwe swali lenye wahusika, tendo, mahali na kipindi. Kwa mfano: kwa nini vyama vya upinzani vilipata shida kujenga matawi vijijini kati ya 1995 na 2015? Sasa kila sehemu ya swali iandikie maneno matatu au manne ambayo wanazuoni huyatumia.

Hapo kwenye maneno ndipo wengi hukwama. Sehemu kubwa ya makala za kitaaluma kuhusu siasa za Tanzania imeandikwa kwa Kiingereza, na wanazuoni wana msamiati wao. Chama kinachoshinda uchaguzi baada ya uchaguzi wao hukiita "dominant party" au "hegemonic party". Ujenzi wa matawi ni "party building" au "party organization". Kwa hiyo fungua Google Scholar, mtambo wa kutafuta kazi za kitaaluma, si Google ya kawaida, na uandike hivi, alama kwa alama:

"dominant party" OR "hegemonic party" Tanzania opposition rural

Alama za kunukuu hufunga maneno yakae pamoja. OR iwe kwa herufi kubwa, la sivyo mtambo hauitambui kuwa ni amri. Ukitaka kuondoa neno linalokuvurugia, liwekee alama ya kutoa mbele yake bila nafasi. Pembeni kushoto utaona sehemu ya kuchagua miaka. Pitia kurasa tatu za mwanzo. Zisipokuwa na kitu, badilisha maneno. Kusonga hadi ukurasa wa kumi na tano kwa maneno yaleyale ni kupoteza bando.

Halafu acha kutafuta vyanzo 25. Tafuta kimoja kinachogusa swali lako hasa, kisha kifuate nyuma na mbele. Chukua makala ya Dan Paget kuhusu kukua kwa Chadema, iliyotoka katika jarida la African Affairs mwaka 2019. Kuifuata nyuma ni kusoma tanbihi zake na kuweka alama kwenye kazi zinazotajwa zaidi ya mara moja. Hizo ndizo anazojengea hoja au anazobishana nazo. Kuifuata mbele ni kubofya kile kiungo kilicho chini ya jina la makala katika Google Scholar, kinachoonyesha imenukuliwa mara ngapi. Utafunguliwa orodha ya waliokuja baadaye wakaitaja. Juu ya orodha hiyo kuna kisanduku kidogo cha kutafuta ndani ya walionukuu tu: kitie alama, andika "rural" au "branches", na orodha ndefu itapungua ibaki inayokuhusu. Makala mbili za namna hii ukizifuata huku na huku, rundo la kusoma litakuwa limeshapatikana, tena lenye watu wanaojibizana wao kwa wao. Mapitio ya maandiko huandikika kirahisi pale ambapo waandishi wanabishana.

Tahadhari moja kuhusu Google Scholar: hukusanya, haichuji. Ndani yake mna tasnifu za wanafunzi, ripoti, makala ambazo hazijahakikiwa, hata majarida ya kitapeli. Chanzo cha kitaaluma kina mwandishi anayejulikana na taasisi yake, kina marejeleo yanayofuatika, na kimesomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa. Majarida unayoweza kuanza nayo bila wasiwasi ni African Affairs, The Journal of Modern African Studies, Journal of Eastern African Studies, na The African Review la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililoanza 1971. Lakini hata ndani ya jarida zuri, tahariri na mapitio ya vitabu kwa kawaida hayapiti katika uhakiki huo. Mtu hunukuu ukurasa mmoja na nusu wa mapitio ya kitabu akidhani ni makala ya utafiti, na msimamizi mzoefu hulibaini kwa kutazama idadi ya kurasa tu.

Na uwe na daftari la utafutaji: tarehe, maneno uliyoandika, mahali, ulichopata. Bila hilo, baada ya wiki mbili utakuwa unarudia utafutaji uleule.

Nikibofya makala naambiwa nilipe zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Sina uwezo huo. Nifanyeje?
*Msomaji, Mwanza*

Usilipe. Kwanza, rudi kwenye Google Scholar ubofye kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya makala. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala yake kwenye hifadhi ya chuo chake, na inafunguka bure. Kuna pia programu-jalizi ya kivinjari iitwayo Unpaywall inayokutafutia nakala halali ya bure. Angalia tu jambo moja: nakala ya mwandishi mara nyingi ni ile ya kabla ya kupangwa kurasa na mchapishaji, na namba zake za kurasa hazilingani na za jarida. Ukinukuu "uk. 14" wakati jarida limeipa makala hiyo kurasa 692 hadi 711, umejifichua kwamba hukuiona iliyochapwa. Taja jina la sehemu badala ya ukurasa, au mwombe mtu mwenye nakala ya jarida akuhakikishie ukurasa.

Pili, mwone mkutubi wa chuo chako, umuulize maswali mawili: je, chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, na je, kina JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida? Research4Life husajili taasisi, si mtu mmoja mmoja, na nywila hukaa maktaba. Ndani yake kuna sehemu iitwayo GOALI, iliyoanzishwa 2018 kwa ajili ya sheria na taaluma za jamii zinazopakana nayo. Inawezekana kabisa kumaliza shahada bila kujua kwamba nywila hiyo ilikuwa imebandikwa ubaoni karibu na meza ya kuazimia vitabu.

Kama huna chuo, au chuo hakina kitu, JSTOR humruhusu mtu binafsi kufungua akaunti na kusoma hadi makala 100 kwa mwezi kwenye kioo, bila kupakua. Kasoro yake ni kwamba majarida mengi huchelewesha matoleo ya miaka ya karibuni, kwa hiyo ni hazina ya kazi za miaka ya 1970 hadi 2010 kuliko za juzi. Majarida ya Afrika yako AJOL, hifadhi iliyopo tangu 1998, na mengi humo hupakuliwa bure. Africa Spectrum la Ujerumani ni la wazi kwa wote, Review of African Political Economy likafungua milango mwaka 2024, na machapisho ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika lililoko Dakar, yana mengi yasiyolipiwa.

Likishindikana lote, mwandikie mwandishi. Baruapepe yake huwa ukurasa wa kwanza wa makala, unaoonekana hata kabla ya kulipa. Sentensi nne zinatosha: wewe ni nani, unaandika kuhusu nini, unaomba makala ipi kwa jina lake kamili, na asante. Usiombe "makala zako zote".

Kisichofaa ni kunukuu makala uliyoisoma ikisiri tu, yaani ule muhtasari wa mwanzo. Ikisiri hutoa hitimisho bila mashaka yake. Sharti lililowekwa na mwandishi, kwamba matokeo ni ya wilaya mbili tu kwa mfano, mara nyingi limefichama katikati.

Naandika kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar. Ninazo Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge), magazeti, ripoti za waangalizi wa uchaguzi na makala chache. Rafiki yangu anasema Hansadi na ripoti si za kitaaluma, nizitoe. Ni kweli?
*Msomaji, Unguja*

Rafiki yako ameshika nusu ya jambo. Hansadi si chanzo cha kitaaluma, ni chanzo cha awali, na kazi kama yako haisimami bila vyanzo vya awali. Makala za wanazuoni hukupa hoja na dhana. Nyaraka hukupa ushahidi wa kuzipima hoja hizo. Zigawe katika orodha mbili kwenye marejeleo yako, na msimamizi atakuelewa. Gazeti pia libaki, lakini kwa kazi yake: kuthibitisha kwamba jambo fulani lilisemwa siku fulani na mtu fulani. Usilitumie kueleza kwa nini jambo lilitokea.

Ripoti za waangalizi zisome kuanzia nyuma, kwenye kiambatisho kinachoeleza walikuwa wangapi, walikaa siku ngapi, walifika vituo vingapi. Ujumbe uliofika wiki moja kabla ya kura hauwezi kukueleza kuhusu uandikishaji wa wapigakura. Tumia angalau ripoti mbili za taasisi tofauti, na pale zinapopishana useme hivyo.

Kwa Zanzibar kuna mtego wa maneno. Makubaliano ya 1999 na 2001 yaliitwa muafaka, na baadhi ya waandishi huandika mwafaka. Yale ya 2009 na 2010 yakaitwa maridhiano. Baada ya kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo, jina likawa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ukitafuta kwa neno moja unapoteza muongo mzima. Kwa Kiingereza weka "power-sharing" na "government of national unity", kila moja kwa zamu yake.

Mtego mwingine ni tarehe. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 huku upinzani mkuu ukisusa. Makala iliyochapwa 2016 yaweza kuwa na data ya mwisho ya 2013, kwa sababu makala hukaa kwa wahakiki na wahariri mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo tafuta katika sehemu ya mbinu utafiti ulifanyika lini, usiangalie tu mwaka wa jalada. Mwandishi anayeusifu mfumo kabla ya 2015 hakukosea. Alikuwa hajaona yaliyofuata, nawe umeyaona.

Na kuhusu tarakimu maarufu: kila anayeandika juu ya kuanza kwa vyama vingi hutaja kwamba Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Tarakimu hiyo imepita mikono mingi. Ukiitaka, ulizia ripoti yenyewe, kwa mfano katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiikosa, andika waziwazi kwamba umeinukuu kupitia kwa fulani. Na ukumbuke kuwa waliotoa maoni mbele ya tume ni waliojitokeza; hiyo si sampuli ya wananchi.

Utafiti wangu ni kuhusu ugatuzi Kenya. Nimepata makala zaidi ya 30 kwenye majarida ambayo siyajui, na moja limeniandikia likiniomba nichapishe humo kwa ada. Nitajuaje lipi ni la kweli?
*Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa*

Anza na hiyo barua. Jarida linalokuahidi kuhakiki na kuchapisha ndani ya siku chache haliwezi kuwa linahakiki. Wahakiki wawili kusoma makala ya maneno 8,000 huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Kisha angalia toleo lao la mwisho. Ukikuta ugatuzi, uuguzi na uhandisi wa barabara katika toleo moja, funga ukurasa. Chagua majina matatu kwenye bodi ya wahariri, uyatafute kwenye kurasa za vyuo vyao uone kama wenyewe wanalitaja jarida hilo. ISSN si ushahidi wa ubora, ni namba ya utambulisho tu, kama namba ya gari. Ada peke yake nayo si ushahidi wa utapeli, kwa sababu majarida halali ya wazi huweza kutoza. Utapeli ni kutoza bila kuhakiki. Orodha ya Jeffrey Beall ya majarida yanayoshukiwa utapeli, ambayo bado inazungushwa, ilisimama Januari 2017, kwa hiyo usiitegemee kwa majarida mapya. Tumia DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa, na kwa ya Afrika angalia daraja ambalo AJOL imelipa jarida. Tusije tukamwaga mtoto na maji ya josho: jarida dogo la chuo cha Kenya lenye tovuti iliyochakaa linaweza kuwa la kweli kabisa.

Makala zitakazobaki zipange kwa wakati. Serikali za kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013. Kilichoandikwa kati ya 2010 na 2012 ni matarajio juu ya Katiba mpya. Kinanukuliwa kama matarajio, si kama matokeo. Ukitaka mizizi ya mjadala, tafuta "majimbo", jina la mfumo wa awali wa serikali za mikoa, kwa miaka ya 1963 na 1964.

Na soma Katiba mwenyewe. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, lakini mapato hayo ni ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ni rahisi kuandika kana kwamba ni mapato ya mwaka huuhuu. Ukaguzi ukichelewa, pengo kati ya hesabu hizo mbili si dogo, na hoja yako yote juu ya fedha za kaunti inapinda.

Niliiomba programu ya akili unde vyanzo kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ikanipa 12, vizuri kabisa. Mhadhiri hakuvipata saba. Vimefutwa mtandaoni?
*Msomaji, Kampala*

Havikuwahi kuwapo. Programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, kwa hiyo huweza kuchukua mwandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaokaribia, zikaviunganisha kuwa makala ambayo hakuna aliyeiandika. Ndiyo maana zinaonekana nzuri.

Kagua kila kimoja kwa dakika mbili. Bandika kichwa chote ndani ya alama za kunukuu. Ile namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, inayoanza na 10, iandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine, rejeleo hilo nalo ni feki. Mwisho fungua tovuti ya jarida, juzuu hiyo, toleo hilo, ukurasa huo. Na vile vitano vilivyopatikana usivinukuu mpaka uvisome, kwa sababu maelezo ya yaliyomo yanaweza kuwa ya kubuni hata pale kichwa ni cha kweli.

Programu hiyo inafaa kwa kazi nyingine: iombe visawe vya maneno yako ya kutafutia, kisha ukatafute mwenyewe.

Natumia takwimu za Afrobarometer kuonyesha imani ya wananchi kwa Bunge imeshuka kutoka asilimia 61 hadi 59. Je, inakubalika kama chanzo?
*Msomaji, Morogoro*

Chanzo kinakubalika, hoja yako ndiyo haijasimama. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni ya wananchi Afrika, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, na kwa 1,200 ukingo wa makosa ni takriban asilimia 3 juu na chini, kwa 2,400 takriban 2. Kutoka 61 hadi 59 kumo ndani ya ukingo huo. Andika kwamba hakuna badiliko linaloonekana, au tafuta awamu za nyuma zaidi uone mwelekeo wa miaka kumi.

Kabla ya kulinganisha awamu, pakua dodoso za awamu zote mbili usome swali neno kwa neno, pamoja na majibu yaliyotolewa kuchagua. Ukijumlisha "kwa kiasi" na "sana" katika awamu moja, fanya vivyo hivyo katika nyingine, na uandike kwenye tanbihi kwamba umejumlisha. Angalia pia waliosema hawajui: wakiwa asilimia 4 awamu moja na 11 nyingine, sehemu ya badiliko lako huenda imejificha humo.

Katika marejeleo taja nchi, awamu na mwaka wa mahojiano. "Afrobarometer" peke yake haimwezeshi msomaji kukufuata.